Nyongo Kwenye Mkono wa Gauni

Nyumbani kwetu Katandala hapajawahi kufugwa mbwa. Baba yangu anauza vitambaa na vifaa vya ujenzi, na ni mtu wa msikitini. Mama ni yule mwanamke ambaye mgeni akipiga hodi, yeye kwanza hupangusa kizingiti. Niliporudi kutoka chuoni nikiwa daktari wa mifugo walifurahi, wakasoma dua, wakapika pilau. Baada ya hapo mama akaanza kuwaambia watu kwamba binti yake anauza dawa za ng'ombe.

Hakuwa anasema uongo. Chumba nilichopanga kando ya barabara kilijaa dawa za minyoo, dawa za kuogeshea ng'ombe na chanjo ya kideri kwa kuku, na wengi walioingia walifuata hizo. Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na meza ya bati, na juu ya meza ile nilikuwa nashona mbwa na paka. Hilo halikuzungumzwa nyumbani. Nguo zangu za kazi hazikuvuka mlango wa mbele. Nilizivua kwenye bafu la nje, nikajisafisha kwa maji na udongo kama tulivyofundishwa madrasa, ndipo nikaingia kuwaamkia wazazi. Na mimi mwenyewe, tukiwa harusini, mwanamke akiniuliza ninafanya kazi gani, nilijibu kuwa nauza dawa. Hata yule kijana wa Mpanda aliyekuwa akinipigia simu kila jioni, mwenye magari ya mizigo na sauti ya upole, nilimwambia hivyohivyo. Yeye akanisifu kwamba biashara ya dawa ni nzuri kwa mwanamke, haichoshi.

Ilikuwa majira ya baridi, ule upepo wa Ufipa unaopenya hata kwenye tundu la ufunguo, alipokuja mama mmoja wa Kisukuma kutoka Milepa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye vidole vigumu vya mtu anayekamua kila siku. Alishuka kwenye lori la mpunga amejifunga kanga mbili tu, maana kule bondeni alikotoka ni joto mwaka mzima. Mkononi alikuwa na gunia, na ndani ya gunia alikuwamo mbwa jike wa rangi ya mchanga, kichwa nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Huyu alipigwa teke na maksai. Tulidhani atapona mwenyewe. Sasa hali, anatapika, na mtazame macho."

Nilimfunua mbwa jicho. Pale panapotakiwa kuwa peupe palikuwa pa njano kama bizari. Tumbo lilikuwa limejaa, likining'inia huku na huku kama kiriba. Nilichoma sindano ndogo ubavuni, nikavuta. Kilichopanda kwenye bomba la sindano hakikuwa damu wala maji. Kilikuwa majimaji mazito ya kijani iliyokolea.

"Hii ni nyongo," nikamwambia. "Lile teke limepasua kifuko cha nyongo pale chini ya ini. Imemwagika tumboni, na inaunguza kila inachogusa."

"Inatibika?"

"Inabidi kumpasua. Anaweza kufa hapo mezani. Na akivuka hapo, siku zinazofuata nazo zina hatari yake."

Alimpapasa mbwa masikio. Kisha akaniambia kwamba tangu mume wake afariki, anayelala zizini na ng'ombe ni yeye na huyu mbwa, na fisi wa kule wanamjua. "Mpasue," akasema.

Nilimwita afisa mifugo wa kata, rafiki yangu wa kazi, akaja kuniangalizia pumzi na mapigo ya moyo huku mimi nikifanya kazi. Nilimfungua mbwa, nikaikuta nyongo imetapakaa, matumbo yamevimba na kuwa mekundu. Kifuko kilikuwa kimechanika kiasi cha kutoshoneka, kwa hiyo nilikibandua kwenye ini taratibu, nikafunga kijishina chake kwa uzi, nikafunga tena juu yake. Tuliosha tumbo kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu hadi yakawa yanatoka meupe. Kabla ya kushona niliacha mpira mwembamba, ncha moja tumboni na nyingine nje, ukiingia kwenye mfuko wa mkojo wa wagonjwa, ili kitakachobaki kitoke. Shingoni nikamvisha ndoo ya plastiki niliyoikata kitako, asije akaung'oa kwa meno.

Alizinduka. Kesho yake alilamba uji. Keshokutwa yake akasimama, akatembea hadi mlangoni, mama yule akiwa ameshika mfuko nyuma yake kama mtu anayebeba mkia wa gauni la bibi harusi, tukacheka wote wawili. Kilichotoka kwenye mpira kilikuwa kidogo na chepesi, rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji. Nikaanza kuhesabu kwamba nimeweza. Nilimpigia hata yule kijana wa Mpanda nikiwa na furaha isiyo na maelezo, akaniuliza kulikoni, nikamwambia mauzo yamekuwa mazuri.

Halafu asubuhi moja niliingia nikakuta mfuko umejaa, na ndani yake kijani ileile.

Nilikaa chini sakafuni. Mama yule alikuwa tayari amefika kutoka kwa ndugu yake wa ukoo alikofikia, amechuchumaa pembeni ya mbwa, ananiangalia mimi badala ya kuangalia mfuko. Nikahisi uso unawaka. Nilikuwa nimemwonya kwamba hatari bado ipo, lakini kuonya ni jambo moja, na kutazamwa vile ni jambo jingine. Nikatoka nje na simu, nikampigia mwalimu wangu wa upasuaji aliyeko Morogoro, mzee ambaye darasani alikuwa akituita wote "mabwana shamba". Nikamtumia picha, kisha nikamweleza.

"Kunavuja," akasema. "Ama uzi umelegea, ama ni kijimfereji kidogo pale ulipobandua kifuko kwenye ini. Hutokea."

"Nimfungue tena leo?"

"Anakula?"

"Kidogo."

"Ana homa? Tumbo limejaa tena?"

"Hana homa. Tumbo ni laini."

"Basi mpira unafanya kazi yake. Kikiwa kidogo, huziba chenyewe. Utamfungua akiacha kula, tumbo likijaa, homa ikipanda, au nyongo ikizidi siku hadi siku badala ya kupungua. Kwa sasa mpe joto, maji ya mshipani, chakula laini kisicho na mafuta, na huo mpira usizibe. Ukiziba, nyongo itarudi tumboni." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na sikiliza, binti. Usimpasue mnyama kwa sababu wewe unaona haya."

Nilikuwa nimeshachemsha vyombo vya upasuaji. Ndiyo, nilikuwa nimeshavichemsha kabla ya kumpigia.

Tatizo likawa hilo joto. Chumba changu kilikuwa cha bati tupu, na umeme wiki ile ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo. Mbwa alitetemeka, na mbwa anayetetemeka hali. Sehemu pekee niliyoifahamu yenye joto la uhakika ni chumba cha mkaa cha mama, nyuma ya ua wetu, kinachopakana na jiko la nje ambalo halizimwi tangu alfajiri.

Nilimkuta mama anachambua mchele.

"Mbwa?" akauliza. "Ndani ya ua wangu?"

"Nyuma kabisa, mama. Kwenye mkaa. Ataingilia mlango wa uani."

"Jumamosi wanakuja washenga kutoka Mpanda. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Wiki nzima nyumba ilikuwa inapakwa chokaa kwa ajili yao.

"Akiingizwa leo kwenye joto atakufa," nikasema, kisha nikajisahihisha, maana nilikuwa nimesema kinyume kwa woga. "Nikimwacha kwenye baridi, atakufa."

Mama aliweka sinia la mchele chini. Alitoa masharti yake moja baada ya jingine: vyombo vyake vya mbali, maji yake ya mbali, mimi nisiguse kitu cha jikoni kabla ya kujitoharisha, na siku ya wageni mlango wa chumba cha mkaa ufungwe na asisikike mtu. Mwishoni akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia yuko nje anasubiri. Alipomwona mama yule amesimama kwenye upepo na kanga zake mbili, akaingia ndani, akatoka na sweta lake la zamani, akampa.

Siku zilizofuata niliishi maisha mawili ndani ya ua mmoja. Asubuhi nilibadili chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye matambara, nikapima kilichotoka kwenye mfuko, nikamlisha mbwa wali uliopondwa na nyama ya kidari cha kuku isiyo na ngozi. Mama mwenye mbwa alijifunza kuukamua mpira kwa vidole, kutoka karibu na tumbo kuelekea kwenye mfuko, bila kuuvuta. Alifanya vizuri kuliko afisa mifugo, nami nilimwambia hivyo. Nyongo ilikuwa inapungua, lakini polepole mno. Mchana nilioga, nikakaa sebuleni shangazi zangu wakinipaka hina na kunifundisha namna ya kujibu nitakapoulizwa kama nawajua wageni.

Jumamosi ikafika. Kabla wageni hawajafika nilikwenda nyuma, nikachungulia chumba cha mkaa. Mama yule alikuwa ameketi juu ya gunia, mbwa ameegemeza ndoo yake kwenye goti lake.

"Mama," nikamwambia, "leo kuna wageni wa heshima. Naomba msitoke. Na ukiweza, usiongee kwa sauti."

"Wageni wa posa?"

"Ndiyo."

Akatabasamu, akainamisha kichwa. "Hatutasikika, daktari."

Nilifunga mlango kwa nje, nikasukuma komeo. Nilipokuwa naondoka niligundua nilichokifanya, kwamba nimemfungia mtu mzima, umri wa mama yangu, pamoja na mbwa wake gizani. Nikarudi nikalitoa komeo, nikarudishia mlango tu. Sikumwambia samahani. Nilijifanya kana kwamba lilikuwa jambo la upepo.

Walikuja wazee wawili na shangazi wa yule kijana, mwanamke mnene mwenye macho makali, amevaa dera la hariri na harufu ya udi iliyotangulia mbele yake. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na gauni langu la rangi ya maziwa, mikono mirefu, nikisikiliza sauti ya baba ikiwakaribisha. Vikombe vilikuwa vinaanza kugongana nilipoisikia sauti kutoka dirisha la nyuma, ndogo, ya mtu anayejitahidi asisikike.

"Daktari. Mpira hautoi."

Nilinyamaza. Nilitamani anyamaze na yeye.

"Daktari, tumbo limekuwa gumu. Analia."

Nilimsikia mbwa mwenyewe, mlio mwembamba kama mlango unaofunguliwa taratibu. Na sebuleni waliusikia, maana maneno yalikatika, halafu shangazi mtu akauliza, "Kuna nani huko nyuma?"

Mama akajibu haraka, "Ni mwanamke wa mkaa. Ameleta magunia."

Dirisha na sebule havikuwa mbali. Mama wa Milepa alikuwa amesimama hapohapo nje, na najua alisikia. Mimi nilisikia pia, na nilishukuru. Nilishukuru kwamba mama ameweza kusema hivyo kwa wepesi.

Nilipita mlango wa uani bila viatu. Mbwa alikuwa amejikunja, anahema haraka, tumbo lake likiwa gumu kweli. Nilipapasa mpira kwa vidole nikakuta, karibu na ngozi, kinundu cha donge kimeziba. Sikuwa na nguo ya kazi, wala muda wa kuitafuta. Nilichota maji safi ya chumvi kwenye bomba la sindano, nikayasukuma taratibu kwenye mpira, nikavuta, nikasukuma tena. Hakuna. Nikakamua kwa kidole gumba. Mama yule akamshika mbwa kichwa, akawa anamnong'oneza Kisukuma. Nilivuta mara nyingine, donge likakatika, na kilichokuwa kimezuiwa kikatoka kwa nguvu, kikanirukia kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko.

Mbwa akashusha pumzi ndefu. Tumbo likaanza kulegea chini ya mkono wangu. Mama yule akasema, "Wabeja, daktari, wabeja," asante za kwao, akarudia mara nyingi.

Na hapohapo nikasikia naitwa. Sauti ya baba, kubwa na ya furaha, ikilitaja jina langu ili nije nionwe.

Nilinawa kwa maji ya ndoo. Kiganja kilitakata. Mkono wa gauni haukutakata, ulizidi kutanda, kijani katikati na njano pembeni, na nyongo ina harufu yake, chungu na ya kichefuchefu, ambayo udi hauifuniki. Ningeweza kubadilisha. Gauni jingine lilikuwepo. Lakini niliogopa kuchelewa, niliogopa baba aite tena, na nikajidanganya kwamba mtandio utaficha. Nikajifunika, nikaingia, nikapiga magoti mbele ya shangazi mtu.

"Shikamoo, shangazi."

Alinyoosha mkono wake ili niushike. Nikanyoosha wangu, na mtandio ukateleza.

Alitazama mkono wa gauni. Kisha akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini.

"Ni nini hii, mwanangu?"

"Nyongo, shangazi."

"Nyongo ya nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alinitazama, na najua alichokuwa ananiomba. Ningesema ya kuku. Ningesema ya mbuzi, kwamba tunachinja kwa ajili yao. Lakini nilikuwa nimechoka, na maneno yakatoka kabla sijayapanga.

"Ya mbwa."

Mkono wa shangazi mtu ulirudi kwenye mapaja yake. Alifanya hivyo kwa adabu, sitamlaumu, aliurudisha taratibu kama mtu aliyekumbuka kurekebisha nguo. Mzee mmoja akakohoa. Baba alitazama zulia. Nilibaki nimepiga magoti, na hakuna aliyeniambia nisimame. Mpaka leo, nikiikumbuka ile sebule, ninachokiona ni zulia lile jekundu na vidole vyangu vyenye hina juu yake, maana sikuthubutu kuinua uso nikaona kingine.

Hawakutukana. Walikunywa chai iliyokuwa imeshamiminwa, wakasema watapeleka habari nyumbani, wakaondoka kabla ya chakula. Pilau la mama lilibaki sufuriani zima.

Jioni ile mama hakunigombeza, nami ningependa angegombeza. Alinivua gauni kama nilipokuwa mtoto, akalichukua nyuma, akalifua kwa maji saba, mara moja kwa udongo, akilikamua kila mara kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Doa halikutoka lote. Akalianika hivyohivyo, akaingia ndani kuswali.

Mimi nilikwenda kwenye chumba cha mkaa kwa sababu ilibidi. Mbwa alikuwa amelala vizuri. Mama yule alikuwa amefagia sakafu, amepanga mkaa wa mama vipande vikubwa upande mmoja na vidogo upande mwingine. Niliinama nikaanza kupima mfuko.

"Wameondoka mapema," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni kwa ajili yetu."

"Hapana."

"Daktari, nilisikia." Hakuwa na hasira. "Hata kwetu, wageni wa posa wakija, mbwa anafungwa mbali. Mama yako hakunitukana. Kuuza mkaa si matusi."

"Nilipaswa kusema wewe ni nani."

"Ungesema nini? Kwamba mimi ni mama wa mbwa?" Akacheka, mkono mdomoni. Mimi sikuweza kucheka. Alipoona hivyo akaacha, akanisogezea gunia, nikakaa kando yake nikabadili chupa za maji.

Tangu siku ile nyongo ilipungua kweli. Kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya majani makavu, ikawa matone machache tu ya maji meupe. Macho ya mbwa yakaanza kuwa meupe kuanzia pembeni. Alipoanza kula na kuomba tena, nilimpigia mwalimu wangu, akasema subiri kidogo, na baada ya kusubiri akasema utoe. Nilikata uzi ulioshikilia mpira kwenye ngozi, nikauvuta taratibu, ukatoka wote. Kitundu kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko tundu la kifungo. Mama mwenye mbwa alikiangalia kwa makini, akauliza kama ndiyo kwisha. Nikamwambia ndiyo kwisha.

Siku ya kurudi Milepa mama yangu alitoka hadi mlango wa uani. Hakumkaribia mbwa. Lakini mama yule alipotaka kuvua lile sweta alirudishe, mama akamkatalia kwa mkono, akamwambia njia ya kuteremka Rukwa bado ina baridi hapo juu. Wakashikana mikono. Nilitazama upande mwingine, kama vile nimekuta watu wanazungumza siri.

Habari kutoka Mpanda ilikuja kwa simu ya mmoja wa wale wazee. Binti ni mzuri, wazazi ni watu wa dini, wao wako tayari, ila kazi ya mbwa aiache. Kabla baba hajaniita nilipigiwa na kijana mwenyewe. Nilitegemea aone kinyaa, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini yeye aliuliza swali moja tu.

"Mbona hukuniambia?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Miezi yote ile. Nilikuuliza siku yako imekwendaje, kila siku. Ukaniambia mauzo."

"Niliona haya."

"Kwangu?"

"Kwa kila mtu."

"Ungeniambia, ningezoea," akasema. "Ningewaambia nyumbani mimi mwenyewe, taratibu, kwa namna yangu. Sasa wamekuja kuambiwa na mkono wa gauni." Hakupandisha sauti. Alinitakia heri, akakata, na sikuisikia tena sauti yake. Nilikuwa tayari kutetea kazi yangu mbele ya mtu anayeidharau. Sikuwa na la kumwambia mtu ambaye niliamua kwa niaba yake kwamba ataidharau.

Baada ya swala ya alasiri baba aliniita barazani. Mama alikuwepo, na sinia la mchele mapajani.

"Umesikia wanachotaka," baba akasema. "Unasemaje?"

Watu niliowahi kuwasimulia hudhani hapo nilisimama imara. Haikuwa hivyo. Nilikuwa naongea nikitazama sakafu, na sauti ilikuwa inanikimbia.

"Siwezi kuiacha, baba. Lakini naomba uwaambie kwamba yule kijana hakukosea chochote. Uwaambie ni mimi niliyemficha."

Baba alivua kofia, akaiweka gotini. "Na sisi je? Sisi hatukumficha?"

Mama aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa uani, akaendelea kuchambua. Baba alisimama, akavaa kofia yake, akasema atawapigia yeye mwenyewe kabla ya magharibi. Alipofika mlangoni akageuka kunitazama kama anayetaka kuongeza neno, lakini akarekebisha kofia tu, akatoka. Nikamsogelea mama nimsaidie kuchambua. Alinipisha nafasi, kisha akaitazama mikono yangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida nikanawe kwanza.